Vifaa Hewa vya Kapalata: Mwongozo kwa Anayetaka Nyumba Yenye Akili

Hongera. Umeamua nyumba yako ya Kapalata, hapa Kisangani, iwe na akili. Jirani watasema akili ingeanza na mwenye nyumba, lakini wasikutishe. Hawaijui raha ya kuamshwa na simu saa tisa usiku ili uarifiwe kwamba unyevu wa sebuleni umefika asilimia 90. Anayekuandikia alianza na mitiririko 4, akafika 41, na leo amebaki na 6. Fuata mwongozo huu nawe utafika alipofika, tena kwa gharama ileile.

Mtiririko, kwa asiyejua, ni amri yenye masharti: kikitokea hiki, na kama kile kiko hivi, basi fanya vile. Mama mkwe huuendesha kila siku bila kompyuta. Wewe unauchora kwenye programu, visanduku vimefungwa kwa nyuzi, na ukimaliza unajiona umejenga daraja la mto Tshopo.

Vifaa usivitafute mbali. Cha msingi ni kile kidude cha ESP8266, ukubwa wa kidole gumba, cha kampuni ya Espressif ya Shanghai. Kiliingia sokoni mwaka 2014, kikawafanya vijana wa dunia nzima wasiojua kubadilisha fyuzi waanze kujiita mainjinia. Vyangu vitano vililetwa na binamu kutoka Kampala, vimefichwa ndani ya soksi, naye alivieleza njiani kuwa ni dawa ya redio. Ubongo wa nyumba ni laptop kuukuu yenye kioo kilichopasuka, na ndani yake kuna Home Assistant, programu ya bure iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013. Laptop inalishwa na betri ya gari ya volti 12, betri inalishwa na paneli iliyofungwa juu ya mabati, na paneli inalishwa na jua. Jua la Kisangani nalo lina shughuli zake, maana hapa mvua hunyesha miezi yote 12.

Hatua ya kwanza: amua nyumba ijue nini

Miongozo iliyoandikwa Ulaya itakuambia uanze na taa ya ukumbini, iwake mtu akipita. Wacha wapite. Kapalata swali ni moja, na ukilikosea hilo mengine yote ni mapambo: moto upo au haupo? Moto hapa ni umeme. Wa kupikia ni makaa.

Kihisi cha umeme mtaa ulikuwa nacho kabla sijazaliwa. Ni watoto. Moto ukirudi, wa kwanza kuona taa anapiga kelele, "Moto imekuyaaa!" na sauti inaruka lupango hadi lupango, yaani ua hadi ua, mpaka mtaa mzima umejua. Hakiingii kutu, hakihitaji mega za intaneti, na kinafika hata bafuni. Kina dosari moja tu, nayo ni ya lugha. Mpangaji mmoja aliyetoka Mbandaka, mtu wa Kilingala tupu, kwake moto ni mtu. Wiki yake ya kwanza alikuwa akivaa shati kila aliposikia ile kelele na kutoka mlangoni kumpokea mgeni. Tutarudi kwenye jambo hili tukifika kwenye majina.

Ili uelewe kwa nini swali ni hilo, fanya hesabu ya shule ya msingi. Umeme wa mji unatoka kwenye mto Tshopo, kwenye mtambo uliojengwa miaka ya 1950, enzi za Wabelgiji. Mashine zake ni 3, na hata zikiwa zote nzima hazifiki megawati 20, kwa mji wenye watu zaidi ya milioni 1. Gawanya: kila mtu hapati hata balbu ya wati 20, na hapo hospitali, vinu vya unga na saluni za kusuka hazijaomba chochote.

Sasa tengeneza kihisi chako cha kisasa. Chukua chaja kuukuu ya simu, ichomeke ukutani, na waya wake wa volti 5 uupitishe kwenye vizuizi viwili ili upungue hadi volti 3 na kidogo, kisha uuingize kwenye mguu wa ESP8266 inayokula betri. Chaja ikipata umeme, mguu unaona volti. Umeme ukiondoka, mguu unaona sifuri. Kazi ya nusu saa. Nilimwita mama watoto aje aone. Simu ikaandika: UMEME UPO. Akaitazama balbu juu ya kichwa changu, ambayo uzi wake ulikuwa mwekundu kama jicho la mtu asiyelala, hautoi mwanga wa kusomea hata jina lako. Akasema, "Papa, hii yako inaona wapi?"

Alikuwa na haki. Chaja za siku hizi zimetengenezwa zifanye kazi popote kati ya volti 100 na 240. Kwa hiyo moto ukija kwa volti 130, chaja inafurahi, kihisi kinafurahi, simu inafurahi, na friji inakufa taratibu kwa kujaribu kuzungusha mota isiyozunguka. Nililiona hilo kwa friji ya jirani, ambayo nilikuwa nimeiunganisha kwenye mfumo wangu kwa hisani. Sitaeleza zaidi. Tunasalimiana tena.

Hatua ya pili: jaza nyumba vifaa hewa

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote, na ndipo Mwafrika wa Mashariki anapowashinda wenye elimu. Programu hizi hukuruhusu kuunda kifaa kisichokuwepo: swichi isiyo na waya, taa isiyo na balbu, kipimo kisicho na kihisi. Wenyewe wana majina yao marefu. Sisi jina tunalo tayari. Mwaka 2016 Tanzania ilipowasaka watumishi waliokuwa wakilipwa mshahara bila kuonekana kazini, kila mtu aliwaita wafanyakazi hewa. Basi hivi ni vifaa hewa. Tofauti ni kwamba hivi vinafanya kazi.

Ona vinavyosaidia. Mwanzoni mitiririko yangu yote ilikuwa ikiiuliza ile chaja moja kwa moja. Wa friji unauliza chaja, wa pampu unauliza chaja, wa kuchaji betri unauliza chaja. Siku nilipogundua kwamba chaja ni mwongo, ilinibidi nifungue mitiririko 17, mmoja baada ya mwingine, kwa mwanga wa simu iliyobaki asilimia 8. Ukiwa na busara utaweka kifaa hewa kimoja katikati, ukiite Hali ya Umeme, na mitiririko yote iulize hapo. Nani anakijaza hicho kifaa ni siri ya ndani. Leo ni chaja, kesho ni kipimo cha volti, keshokutwa ni mtoto anayebonyeza kitufe. Wengine hawahitaji kujua, kama vile mgeni asivyohitaji kujua mboga imekopwa wapi.

Changu kina majibu matatu: upo, haupo, na upo-lakini. Hilo la tatu hutalikuta kwenye mwongozo wowote wa Amsterdam. Upo-lakini ni moto ulio chini ya volti 190. Simu zinachajiwa, taa zinajaribu, friji hairuhusiwi. Nilinunua kipimo halisi cha volti kwa ajili yake, nikakifunga sambamba na chaja, na tangu hapo nyumba ina msamiati wa kutosha wa kusema kweli.

Jambo la pili: usiuamini moto uliofika sasa hivi. Mara nyingi unakuja kuchungulia, unaondoka, unarudi. Mtiririko wangu wa friji husubiri dakika 5 mfululizo za "upo" kabla ya kuiwasha. Hii si desturi ya Kapalata peke yake, ni dawa ya mota. Friji iliyokatika ghafla bado ina shinikizo la gesi upande mmoja, na ukiilazimisha ianze tena kabla shinikizo halijatulia, inaguna, inapata moto na kuungua. Watoto wao hawasubiri dakika 5. Ndiyo maana kwa habari huwa tunategemea watoto, na kwa friji huwa tunategemea kifaa hewa.

Hatua ya tatu: majina

Unapounda kifaa cha kwanza utakiita "kihisi 1". Cha pili utakiita "kihisi 1 kipya". Baada ya miezi mitatu utakuwa na "jaribio", "jaribio 2", "kipya kweli", "usiguse", na kimoja kisicho na jina ambacho kikizimwa, kwa sababu isiyojulikana, bafu linakosa taa. Niliwahi kuwa na mtiririko ulioitwa "muhimu sana". Sikuweza kukumbuka ulifanya nini, nikaogopa kuufuta, na nadhani nao ulikuwa ukiniogopa.

Dawa ni kuita kitu kwa pahali, kisha kitu chenyewe, kisha kazi yake: jikoni-pipa-kimo, sebule-betri-volti, uani-taa-usiku. Vifaa hewa vianze na neno hewa, usije ukapoteza Jumamosi nzima ukitafuta nyuma ya kabati swichi ambayo haijawahi kuwepo. Na neno moja lisiwe na maana mbili. Kumbuka yule wa Mbandaka na shati lake. Nilikuwa na mtiririko ulioitwa "moto jikoni", nikimaanisha umeme wa jikoni. Shemeji aliyekuja kututembelea aliona ujumbe huo kwenye simu yangu niliyoisahau mezani. Alimwaga ndoo mbili za maji kabla ya kuuliza. Maji yenyewe tulikuwa tumeyanunua.

Hatua ya tano: saa

Hatua ya nne ilikuwepo. Moto ulikatika kabla sijaihifadhi.

Kidude cha ESP8266 hakina saa ya ndani inayodumu. Kikizimika na kuwaka, kinauliza intaneti ni saa ngapi. Kama mega zimeisha, hakikati tamaa. Kinachukua jibu la zamani kuliko yote kinalolijua, ambalo ni usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1970, siku ambayo kompyuta nyingi huanza kuhesabu. Kwa hiyo vidude vyangu vimeishi sana mwaka 1970. Mji ulikuwa umeacha kuitwa Stanleyville miaka 4 tu nyuma, na nchi ilikuwa bado Kongo, haijageuka Zaïre hadi Oktoba 1971. Mwaka wenyewe si mbaya. Ubaya ni kwamba mtiririko wako wa "kila siku saa kumi na mbili jioni washa taa ya uani" unaiwasha kwa saa za mwaka ule, yaani saa yoyote tu. Kuna kidubwasha cha saa chenye betri ya kitufe, kisichosahau muda hata moto ukikatika mwezi mzima. Kinunue. Ni kitu pekee katika mwongozo huu nisichokifanyia mzaha.

Ukifika kwenye kuchagua majira ya saa, utaitafuta Kisangani kwenye orodha. Haimo. Utaiona Kinshasa, na kwa uzalendo utaichagua. Usifanye hivyo. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Chagua Lubumbashi, mji ulio mbali nasi kabisa, upande wa pili wa nchi, lakini saa zetu ni zilezile. Nilikaa wiki sita nikiishi kwa saa za Kinshasa bila kujua. Mwanangu alifika shuleni kwa kuchelewa mara 11, na mwalimu aliandika kwenye daftari: "Mzazi anunue saa."

Halafu kuna kile kipengele wanachokisifu sana, cha "washa jua likizama". Kinahesabu machweo ya kila siku kwa ramani ya dunia. Mholanzi anakihitaji, maana kwake jua la Desemba linazama saa kumi na nusu jioni na la Juni linazama saa nne usiku. Sisi tumekaa nusu digrii tu juu ya ikweta. Mwaka mzima jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa kumi na mbili na nusu na kidogo. Babu yangu alilijua hilo bila setilaiti. Andika saa kumi na mbili na robo uende kulala.

Kuhusu vihisi na tabia zao

Kihisi cha mwendo hakioni mtu. Kinaona joto linalosogea mbele ya kitu chenye joto tofauti. Weka akilini neno hilo, tofauti. Saa saba mchana, chini ya mabati, ukuta umepata joto la mwili wako, na wewe umepata joto la ukuta. Kwa kihisi, haupo. Unaweza kucheza ndombolo mbele yake na taa isitikisike. Usiku ukiingia na ukuta kupoa, kinafumbua macho, na cha kwanza kukiona ni mbuzi wa jirani. Kwa mwezi mmoja nyumba yangu ilikuwa na kumbukumbu kamili ya mizunguko ya mbuzi yule, dakika kwa dakika, na haikuwa na ushahidi wowote kwamba mimi ninaishi humo. Nilikuwa mkazi hewa.

Kihisi cha unyevu nacho nilikifuta. Nilinunua DHT11, ya bei ya chini, ambayo mwisho wa kipimo chake ni asilimia 90 tu. Kisangani asubuhi, mto Kongo huku na msitu kule, asilimia 90 ndiyo mwanzo wa mazungumzo. Kilikaa miezi miwili kikisema 90, 90, 90, kama mtu aliyeulizwa swali moja mara nyingi mno. Ni sawa na kumtumia mvuvi Mwagenia ujumbe kwenye maporomoko yake kumuuliza kama mto una maji.

Sasa pipa. Hapa nitakaa, maana pipa ndilo lililonifunza.

Maji ya bomba yakija tunajaza pipa la lita 200 lililoko jikoni, na nilitaka kujua kimo bila kufunua kifuniko. Kuna kihisi chenye macho mawili ya bati, HC-SR04. Jicho moja linatoa mlio ambao sikio halisikii, la pili linasubiri mwangwi, na kwa kuwa sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kidude kinapiga hesabu ya umbali. Kinapima kuanzia sentimita 2 hadi mita 4. Nilikifunga chini ya kifuniko, kikitazama maji. Wiki ya kwanza ilikuwa sherehe: lita 160, lita 140, lita 90. Nilikuwa nikiwatajia wageni.

Wiki ya pili pipa likajaa ghafla bila maji kuja. Ilikuwa kata. Mtoto alikuwa ameiacha inaelea, na kihisi kiliipima hiyo kata. Nikatoa kata, nikatoa onyo, nikaendelea. Wiki ya tatu pipa lilibaki kwenye lita 120 kwa siku tatu. Nilifurahi. Niliandika hata mtiririko wa kuipongeza familia kwa kubana matumizi. Siku ya nne mama watoto alikuja akasimama mbele yangu na ndoo tupu. Alisema taratibu, kwa namna iliyonifanya nitamani angepiga kelele, "Maji iko mu telefone. Mu pipa haiko."

Kihisi kilikuwa kimekufa tangu Jumatatu. Mvuke uliingia, sisimizi wakafuata. Na programu, kwa kuwa haikupata habari mpya, iliendelea kuonyesha ya mwisho. Kumbuka hili kuliko hatua zote: kifaa kilichokufa hakisemi kimekufa. Kinabaki na neno lake la mwisho usoni, na wewe unaendelea kulisoma kama habari.

Dawa yake ipo, na ni nzuri mno. Vidude hivi husemezana kwa itifaki ya MQTT, iliyobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo kila neno lililotumwa lilikuwa na bei. Hao ni watu wa shida zetu: mtandao hauaminiki, mega ni ghali. Wakaweka humo kitu kinachoitwa wosia. Kifaa kinapojiunga na mtandao, kinamwachia msimamizi ujumbe: nikikatika bila kuaga, tangaza hivi kwa niaba yangu. Sasa kila kidude changu kina wosia, nao unaliandika jina lake kwenye kifaa hewa kimoja kiitwacho Waliotangulia. Kukiwa na jina humo, hakuna mtiririko unaoruhusiwa kuamini namba zake. Jikoni-pipa-kimo ndilo jina la kwanza. Tulikaa kimya dakika moja.

Ugomvi wa usiku

Ukishakuwa na mitiririko zaidi ya 20, itaanza kugombana, nawe hutakuwepo. Mimi nilikuwa na mmoja uliosema: betri ikishuka chini ya volti 12, zima ruta. Na mwingine uliosema: mtandao ukikatika, washa ruta upya. Kila mmoja ni mtu mwema akiwa peke yake. Usiku mmoja betri ikagusa 11.9. Wa kwanza ukazima ruta. Wa pili ukaona mtandao umekatika, ukaiwasha. Isitoshe, betri ya risasi ikipunguziwa mzigo volti zake hupanda zenyewe, kwa hiyo mara ilionekana ina 12.3 na kila mtu akaona mambo ni shwari; mzigo ukirudi, inashuka. Relei, ile swichi ya sumaku inayolia ta kila ikigeuka, ililia ta-ta, ta-ta, hadi alfajiri.

Asubuhi mzee wa lupango la nyuma, mtu wa ibada, alinisimamisha. "Mwanangu," akasema, "ile kitu ya mu nyumba yako inasalije usiku kucha? Ni ya dini gani?" Nikamwambia ni mashine. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa na tumaini.

Kinga ni mbili. Kwanza, mpaka wa kuzima na mpaka wa kuwasha visiwe namba moja. Mimi sasa nazima kwenye 11.9 na siwashi tena mpaka betri ipande 12.6 na kutulia robo saa. Pili, kila kitu halisi kiwe na bwana mmoja. Ruta yangu inaguswa na mtiririko mmoja tu, na wengine wakitaka jambo wanaacha ombi kwenye kifaa hewa kinachoitwa Ombi la Ruta, na bwana anaamua. Mafahali wawili zizi moja ni methali. Mitiririko miwili relei moja ni kelele ya usiku.

Hapo nina onyo moja lisilo la mzaha. Usiweke king'ora. Programu itakushawishi, kihisi cha mlango kitakushawishi, na kidude chenyewe ni bei ya chupa mbili za soda. Kapalata ni jina ambalo wengi walio mbali wanalijua kwa kambi ya jeshi kabla ya kulijua kwa watu wake, na Kisangani ni mji uliopigwa mizinga kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana humu mjini. Kuna watu mtaani kwangu ambao hawapendi kitu kulia ghafla usiku, na hawahitaji kukueleza sababu. Mlango ukifunguliwa usiku, iwake taa ndogo ya kijani kichwani pa kitanda. Mbuzi haioni, na jirani hawaamki.

Kupunguza

Mfano wa mtiririko kamili mtaani kwetu ni wa mwenye lupango: tarehe 5 ikifika, gonga. Hauna vihisi, hauna matawi, haujawahi kukosea hata siku ya mvua. Nilipoulinganisha na wangu 41 niliona aibu, nikaanza kufuta. Kanuni yangu ilikuwa rahisi. Nilizima mtiririko kwa wiki mbili bila kumwambia mtu. Kama hakuna aliyelalamika, ulikuwa hewa kuliko vifaa hewa, ukaenda. Ule wa "muhimu sana" ulikwenda hivyo. Bafu bado lina taa.

Iliyobaki ni 6. Mmoja unajaza Hali ya Umeme. Mmoja unalinda friji, ambayo sasa ni yangu mwenyewe. Mmoja unalinda betri. Mmoja unawasha taa ya uani saa kumi na mbili na robo na kuizima saa nne. Mmoja unasimamia wosia. Wa sita ni kitufe chekundu cha kweli, kimefungwa mlangoni kwa kimo cha mtoto wa miaka 7: moto ukirudi anakibonyeza, mtiririko unalinganisha neno lake na la kipimo cha volti, na wakitofautiana, mfumo unamwamini mtoto. Pipa tunalipima kwa kuligonga na kijiko. Sauti nzito, kuna maji. Sauti tupu, beba ndoo.

Nitakujibu swali ulilonalo: hapana, sitarudi kwenye hali ya zamani. Friji imemaliza mwaka na nusu bila kuungua, na hapa mtaani hilo linaongelewa. Ila HC-SR04 ya pili nayo imeandikwa kwenye Waliotangulia juzi, sisimizi walewale. Msomaji uliye Kisangani na unajua namna ya kukifunika kisiingie mdudu na sauti bado ipite, njoo Kapalata, uliza nyumba iliyokuwa ikisali usiku. Watakuonyesha.